"Atazoea tu": ushauri unaowaharibu mbwa waoga

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume chotara, anaitwa Jimi, ana karibu miaka miwili. Nilimchukua akiwa tayari mkubwa kutoka kwa jamaa aliyehama mji. Nyumbani ni mpole sana, analala miguuni kwa watoto. Tatizo ni bodaboda. Akiona pikipiki, hasa dereva akiwa amevaa helmeti, anabweka kama amepagawa, anavuta kamba mpaka karibu aniangushe, na wiki iliyopita alimchania suruali kijana aliyeleta mzigo getini. Jirani yangu anasema nimfunge karibu na kijiwe cha bodaboda asubuhi mpaka jioni, atazoea tu. Kuna mwingine anayefundisha mbwa, anasema nimwachie wiki mbili atamrudisha akiwa na adabu. Nifuate lipi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifuate hata moja. Naomba univumilie nikueleze kwa nini, maana hilo neno "atazoea tu" nalisikia karibu kila wiki, na mbwa wanaoletwa kwangu baada ya kufanyiwa hivyo huwa wameharibika kuliko walivyokuwa.

Jimi anaogopa. Najua hafanani na mbwa mwoga, kwa sababu mwoga tuliyezoea kumwona hufyata mkia na kuingia uvunguni. Lakini mbwa aliye kwenye kamba, au aliyezingirwa na ukuta, hana pa kukimbilia. Kinachobaki ni kumfukuza yule anayemtisha. Na kila siku anafanikiwa: anabweka, bodaboda inaondoka. Ingeondoka hata hivyo, ina abiria wa kuwahisha, ila Jimi hajui hilo. Anachojua ni kwamba alibweka na hatari ikapita, kwa hiyo kesho ataanza kubweka ikiwa bado iko mbali.

Sasa mfunge huyo kijiweni kutwa nzima. Moyo utamwenda mbio, atahema ulimi nje, atatetemeka, atavuta kamba mpaka shingo ichubuke. Baada ya saa kadhaa atanyamaza, na jirani atakwambia, "Si umeona?" Hicho alichokiona ni mbwa aliyekata tamaa. Ni sawa na kumsukuma asiyejua kuogelea kwenye kina kirefu, kisha kumsifu kwamba ametulia kwa kuwa hapigi tena makelele.

Niliwahi kuletewa mbwa wa namna hiyo, dume kubwa, shingoni ana kidonda cha waya. Alikuwa amefungwa kwa siku kadhaa jirani na fundi wa kuchomelea vyuma ili "aache uoga wa kelele". Mwenyewe alifurahi: mbwa hafurukuti, hata sindano hakuishtukia. Nilipomtazama usoni niliona midomo imebanwa, masikio yamelazwa nyuma, weupe wa jicho umetokeza pembeni kwa sababu alikuwa ananifuatilia bila kugeuza kichwa. Nikamwekea kipande cha ini mbele ya pua. Hakukinusa. Mbwa mwenye njaa asiyegusa ini hajatulia, mwili wake umejifunga kwa hofu. Nilimwambia mwenyewe hivyo hivyo. Siku chache baadaye mbwa yule alimng'ata kijana wa nyumbani aliyempelekea chakula. Hakubweka, hakunguruma, aling'ata tu.

Hapo ndipo penye hatari ambayo watu hawaioni. Mbwa hutoa taarifa kabla ya kuuma. Hulamba midomo wakati hakuna chakula, hupiga miayo wakati hana usingizi, hugeuza uso, hukakamaa, kisha hunguruma. Ukimchapa kila anaponguruma, hofu inabaki pale pale, kinachotoweka ni taarifa. Unakuwa umejitengenezea mbwa anayeuma bila kukuonya, halafu unawaambia watu kwamba "amebadilika ghafla".

Kuhusu huyo wa wiki mbili, simjui na sitamhukumu bila kumwona. Lakini wapo wengi wanaojiita walimu wa mbwa ambao zana zao ni fimbo, mnyororo wa kunyonga na maneno ya "lazima ajue nani bwana". Maneno hayo yana historia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, ambao waligombana sana kuwania ukubwa. Watu wakalibeba hilo wakalipeleka kwa mbwa wa nyumbani. Mwaka 1999 David Mech, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuwafuatilia wanyama hao porini, alieleza kwamba kundi lao la kawaida ni baba, mama na watoto wao tu. Ubabe ule ulitokana na kuwafungia pamoja wanyama wasio wa familia moja. Leo hii, zaidi ya miaka ishirini baadaye, bado mtu anapewa hela amlaze mbwa chali na kumkandamiza shingo ili "amtambue mkubwa wake". Kumtesa mnyama kunakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumwita mtesaji mwalimu hakubadilishi kitu.

Ukitaka kumpima mwalimu, muulize mambo mawili: mbwa akikosea utamfanya nini, na je, naruhusiwa kukaa nitazame kila somo? Anayetaka mbwa aondoke nyumbani na arudishwe "ameiva" bila wewe kuona kilichofanyika, mwepuke.

Kinachofanya kazi ni cha polepole, na kimejulikana kwa muda mrefu. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa umeng'enyaji wa chakula, aliona mbwa wake wanadondosha mate kabla nyama haijawafikia, kwa sababu tu wamesikia au kuona kitu kinachotangulia nyama. Tunataka bodaboda iwe ndicho kitu kinachotangulia nyama. Chemsha ini au kuku, bila kitunguu kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa, ukate vipande vidogo kama punje ya maharage. Nenda naye mahali penye nafasi, Jumapili alfajiri barabara ikiwa tulivu, ukae mbali kiasi kwamba akiiona pikipiki anaitazama lakini bado anaweza kula. Huenda ni mita 20, huenda ni 60, Jimi mwenyewe atakuonyesha. Pikipiki ikitokea, ndipo ini lianze kuingia mdomoni, kipande baada ya kipande, mpaka ipite. Ikishapita, ini linakwisha.

Shika huo mpangilio, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatoa nyama kwanza ili mbwa asiione pikipiki. Baada ya muda anajifunza kwamba nyama ikitoka mfukoni, pikipiki inakuja, na anaanza kuiogopa hata nyama. Pikipiki kwanza, ini baadaye, kila mara.

Akikataa kula, akikodoa macho, akianza kuvuta, mmekaribia mno. Geuka naye uondoke, usimgombeze. Dakika tano hadi kumi zinatosha kwa siku, halafu mrudi nyumbani. Ukiona anaitazama pikipiki kisha anakugeukia mwenyewe akidai haki yake, hapo sogea mbele hatua chache, si zaidi. Mtafute dereva mnayefahamiana, akuegeshee pikipiki ikiwa imezimwa, kichwa wazi, helmeti ikiwa chini. Siku nyingine aishike mkononi, siku nyingine aivae. Helmeti inaficha uso, na kwa mbwa mtu asiye na uso ni kitu cha kutisha peke yake. Mngurumo wa injini nao uwe somo lake, kwa mbali. Tegemea wiki nyingi, pengine miezi, na kutakuwa na siku za kurudi nyuma.

Wakati huo huo, mzuie asiendelee kufanya mazoezi ya kubweka getini. Ziba matundu ya geti kwa mabati au turubai, hamishia banda lake nyuma ya nyumba, na mzigo ukija awe ndani, mlango umefungwa. Mkiwa barabarani tumia mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, ili akivuta asijikabe.

Akitetemeka, mshike na umbembeleze kama anapenda. Huwezi kumzawadia mtu hofu kwa kumfariji, na mbwa hali kadhalika.

Kabla ya yote hayo, apimwe. Masikio yenye usaha, jino bovu, nyonga inayouma, homa zinazoletwa na kupe: mbwa mwenye maumivu hukasirika upesi. Na tafadhali usimnunulie vidonge vya usingizi duka la dawa. Hata dawa ya mifugo kama acepromazine, ikitumika peke yake, huulegeza mwili huku mbwa akiendelea kusikia na kuogopa, tena wengine huzidi kushtushwa na kelele. Zipo dawa halisi za wasiwasi, kwa mfano fluoxetine, lakini huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, hupangwa na daktari aliyemwona mbwa, na huenda sambamba na mafunzo.

Narudi kwenu nyote mnaosoma, kwa sababu Jimi hakuzaliwa akiogopa helmeti. Muda ambao mtoto wa mbwa hujifunza kuwa dunia ni salama ni kuanzia takriban wiki ya 3 hadi ya 14. Sisi wakati huo huo ndio tunamfungia gizani "asizoee watu, awe mkali", wengine wanamlisha pilipili, wengine bangi. Hakuna ukali unaotoka humo. Pilipili huunguza tumbo, bangi ni sumu kwake, na giza humlea mbwa anayeogopa kila kitu ambacho hakukiona akiwa mdogo. Mlinzi mzuri ni yule anayemfahamu mgeni wa kawaida, kwa hiyo anatambua asiye wa kawaida. Mwoga huuma wa karibu yake, na mara nyingi wa karibu ni mtoto.

Na katika nchi zetu jino la mbwa si jambo la kidonda pekee, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo na karibu wagonjwa wote hukipata kwa mbwa. Hakikisha chanjo ya Jimi haijapitwa na muda. Akimng'ata au kumparua mtu kwa jino, hata pakitoka damu kidogo tu, oshani mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, msipake majivu wala mafuta ya taa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msimuue mbwa kwa hasira. Afungiwe mahali salama, apewe maji na chakula, daktari wa mifugo ajulishwe, naye amwangalie kwa siku 10. Sindano za aliyeng'atwa zianze bila kusubiri siku hizo ziishe.