Kabla ya Kuongeza Kilomita, Tazama Ukuta

Wiki hii muogeleaji wa mita 100 kipepeo (mtindo wa kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja) ameniandikia. Anaingia majini asubuhi 6 kwa wiki, ameongeza kilomita 2 katika kila zoezi, na muda wake umegoma kushuka. Aongeze tena? Hapana. Kama lazima uongeze kitu, ongeza usingizi, kisha mwombe mtu akurekodi video ukiwa unagusa ukuta.

Chukua fainali ya mbio hizo hizo, Olimpiki ya Beijing 2008. Mmarekani Michael Phelps aligeuka kwenye mita 50 akiwa wa 7. Mserbia Milorad Čavić aliongoza karibu hadi mwisho, halafu akanyoosha mikono na kuuacha mwili uteleze kuufuata ukuta. Phelps alipiga pigo moja fupi la ziada la mikono, akaugonga kwanza: 50.58 kwa 50.59. London 2012, mita 200 kipepeo, zamu ikageuka. Safari hii Phelps ndiye aliyeteleza, na Chad le Clos wa Afrika Kusini akamwahi kwa sehemu 5 za mia za sekunde. Bingwa aliponzwa na kosa lile lile lililompa dhahabu. Rio 2016, akiwa na miaka 31, aliichukua tena mbio hiyo kwa tofauti ya sehemu 4 za mia.

Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Ukiacha kusukuma, kasi inakufa papo hapo, hata kama umenyooka kama mshale. Tena kile kibao cha kuhesabia muda kilichowekwa ukutani hakisomi mpaka kibonyezwe. Ukikipapasa, saa inaendelea.

Dawa inaanza mbali na ukuta. Bendera zinaning'inia mita 5 kabla yake. Mstari mweusi sakafuni unaishia kwenye alama ya T, mita 2 kabla. Anayesubiri T ndipo apange mguso amechelewa. Hesabu mapigo yako kutoka bendera hadi ukutani ukiwa kwenye kasi ya mashindano, si wakati wa kupasha mwili. Hesabu tena ukiwa umechoka, maana pigo la mita 90 ni fupi kuliko la mita 40. Andika namba zote mbili. Ukijua utabaki na nusu pigo, refusha au fupisha kidogo kila pigo kati ya matatu ya mwisho. Pigo moja likiachiwa kazi yote, ndipo unapoteleza. Phelps aliishi kwa hesabu hii: mita 200 kipepeo za Beijing, miwani yake ilijaa maji, akahesabu mapigo bila kuona na kuweka rekodi ya dunia ya 1:52.03.

Katika kipepeo na chura, mikono miwili iguse kwa pamoja, nayo iwe imeachana. Mkono mmoja ukitangulia, wewe unafutwa kwenye mbio, uwe wa kwanza au wa mwisho.

Haya, kugeuka. Mbio za mita 1500 katika bwawa la mita 50 zina kugeuka mara 29. Poteza sehemu 2 za kumi kila mara, umepoteza sekunde 5.8, na hakuna mapafu yatakayokurudishia. Kwenye mtindo huru kosa kubwa ni kuinua kichwa kuutafuta ukuta: nyonga zinazama, mwili unajikunja polepole. Usivute pumzi kwenye pigo la mwisho kabla ya kujipindua. Miguu iguse magoti yakiwa yamekunjwa kama umekaa kitini. Ukiwa karibu mno magoti yanabanana kifuani na huna nguvu ya kusukuma. Ukiwa mbali unasukuma kwa vidole tu.

Baada ya kusukuma, tulia kidogo. Kasi uliyotoka nayo ukutani ni kubwa kuliko ya kuogelea, kwa hiyo mateke ya pomboo (miguu yote miwili kwa pamoja, ukiwa chini ya maji) yakianza mapema yanafanya kazi ya breki. Yaanze pale unapohisi maji yanaanza kukushika. Sheria inaruhusu kubaki chini hadi mita 15 kwa mtindo huru, chali na kipepeo. Wengi huitafuta hiyo 15 kwa kiburi tu. Kama mateke yako yanachoka kwenye mita 9, toka kwenye mita 9.

Zoezi lenyewe halina urembo. Anzia mita 12 kutoka ukutani kwa kasi kamili, geuka, rudi mita 12 kutoka ukuta huo huo. Mara 6, ukipumzika dakika 1 na nusu kila baada ya moja. Mwenye saa aanze kichwa kinapopita bendera wakati wa kuingia, asimamishe kinapofika mita 10 wakati wa kutoka. Ya 4 ikizidi ya kwanza kwa sehemu 3 za kumi, toka majini. Zinazobaki zitafanywa kesho.