Sukari ya baba mdogo imesoma 17: msiongeze vidonge kwanza

Ndugu, umeeleza kwamba baba yako mdogo aliyeko Nachingwea, mwenye kisukari cha aina ya pili, amepima sukari ya damu nyumbani akapata 17 (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zote hapa), halalamiki lolote isipokuwa kiu, na jamaa wanamshauri ameze vidonge mara mbili kisha ashinde bila kula. Ninakujibu kwa yale niliyoyapitia na mama yangu mzazi huko Newala.

Msimu mmoja wa korosho, kabla hatujajua kwamba ana kisukari, mama alianza kunywa maji kupita kawaida. Kwetu kiangazi maji hununuliwa, hivyo tuliona wazi kwamba dumu la lita 20 lililotutosha siku tatu sasa liliisha mapema, lakini tukasema ni joto la shambani. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda kukojoa, magauni yakampwaya, macho yakaona ukungu, na kila aliposema amechoka tulimpa soda apate nguvu. Hilo la soda linaniuma hadi leo. Sukari ya damu ikipita takriban 10, figo haziwezi kuirudisha yote mwilini, nayo hutoka na mkojo huku ikivuta maji. Kiu yake ilitoka huko, nasi tukawa tunamzidishia sukari ileile. Siku alipotapika na kuanza kusema maneno yasiyoshikana tulimkimbiza hospitali, kipimo kikasoma 29, akawekewa dripu na insulini, akalazwa.

Kwa baba mdogo, anzeni na mikono yake. Mama aliwahi kupata 19 akitoka kuokota mabibo. Alipoosha vidole kwa sabuni, akavikausha na kupima upya, akapata 8. Utomvu wa tunda ukibaki kidoleni huingia kwenye tone la damu, na maji matupu ya kuchovya vidole hayatoshi.

Ikiwa baada ya kunawa bado ni 17, mtazameni yeye mwenyewe kuliko namba. Kama anazungumza vizuri, anakula na hatapiki, anywe maji mara kwa mara (isipokuwa kama daktari alimwekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo), aache soda, juisi na chai ya sukari, ameze dawa zake kwa kipimo alichoandikiwa, apime tena baada ya saa chache, na aende kliniki bila kungoja tarehe yake. Lakini akitapika, akiumwa tumbo, akihema kwa kasi na kwa kina, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, akisinzia isivyo kawaida au akichanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Fanyeni hivyo pia kipimo kikionyesha HI badala ya namba, maana sukari imepita uwezo wa mashine kusoma, na kwa mashine nyingi hiyo ni zaidi ya 33.

Huo ushauri wa jamaa ninaupinga kabisa. Metfomini, kidonge cha kawaida cha kisukari, ikimezwa mara mbili haishushi sukari jioni hiyo, bali huweza kumharisha na kumpotezea maji anayoyahitaji. Na kama anatumia glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, kuizidisha huku tumbo likiwa tupu kunaweza kuishusha sukari hadi azimie, jambo linaloua haraka kuliko hiyo 17.

Tafuteni pia kilichoipandisha. Je, aliruka dawa kwa sababu ya kazi za shamba? Ana homa, mkojo unamchoma, au amepewa vidonge vya pumu au vya mzio vyenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe ambazo hupandisha sukari)? Mkagueni nyayo na katikati ya vidole vya miguu, kwa sababu mama alikuwa na kidonda cha mwiba chini ya kisigino ambacho hakukisikia kabisa, na sukari yake haikutulia mpaka kilipotibiwa. Mkienda kliniki bebeni dawa zote anazotumia, ikiwemo miti shamba, pamoja na mashine yenyewe, kwa kuwa huhifadhi vipimo vya nyuma na daktari ataviona.