Kusinzia kwenye maombi, na hasira za mchana

Ndugu yangu, unasema ukianza kuomba saa nne usiku unasinzia, na mchana hasira inakushinda kazini kabla hujakumbuka hata kwamba uliomba. Petro naye alilala Gethsemane (Mathayo 26:40), usiku, baada ya mlo wa Pasaka. Alimpenda Bwana, ila mwili ulichoka.

Hamisha maombi. Amka dakika 20 mapema, nawa uso, omba kwa sauti ukiwa umesimama au ukitembea chumbani. Ukiombea kitandani utalala tu. Kisha soma kidogo. Zaburi ya 119 ina mistari 176, mafungu 22 ya mistari 8, na fungu moja kwa asubuhi linatosha. Simu usiiguse mpaka umalize. Wengi huteleza hapo hapo.

Kuhusu hasira, kwa siku 7 andika ilikupata saa ngapi, wapi, ukiwa na nani. Huenda ukakuta ni saa ileile, una njaa. Basi omba sentensi moja kabla ya saa hiyo, siyo baada ya kufoka. Mkesha wa Ijumaa endelea nao, ila usiutegemee kufidia siku sita za kusinzia.