Taa kali, ukuta mrefu na benchi la vijana

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: tufanye nini ili bustani, viwanja na njia za mjini zipitike bila roho kudunda? Nimechagua tano, nyingine nimezifupisha.

Kichochoro tunachopita usiku kimefungwa taa moja kubwa yenye mwanga mkali. Mbona sasa naogopa kuliko zamani?

Hujakosea, dada. Taa kali ikikupiga usoni inakupofusha, na nje ya duara lake giza linazidi kuwa zito. Aliyejibanza pembeni anakuona, wewe humwoni. Jaribu hivi: usiku mmoja mwombe nduguyo asimame hatua kama 15 mbele yako. Ukitambua kama anacheka au amenuna, mwanga unatosha. Ukiona umbo jeusi tu, hautoshi, hata taa ingekuwa ya uwanja wa mpira. Kinachotakiwa ni taa kadhaa za wastani, zilizofunikwa juu ili mwanga ushuke njiani, na zikaribiane kiasi kwamba mwanga wa hii unaupokea wa ile. Matawi nayo yakatwe. Nimewahi kuona nguzo mpya kabisa ikimulika majani usiku kucha, chini kiza totoro.

Sisemi taa hazina maana. Mwaka 2016 New York iliweka minara ya taa katika makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa takriban asilimia 36. Ila ile ilimwaga mwanga eneo zima, haikulenga kona moja.

Tumechanga fedha za ukuta kuzunguka kiwanja cha mtaa. Tuujenge urefu gani?

Msiujenge. Ukuta unamzuia mwizi dakika mbili, kisha unamficha usiku mzima. Kinacholinda kiwanja ni watu walio na shughuli zao karibu: mwenye duka, mama aliye dirishani, anayesubiri basi. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji wa New York, aliwaita "macho ya mtaani" mwaka 1961, na ukuta huyafumba macho hayo. Kama lazima muweke kizuizi, wekeni uzio wa nondo unaopitisha macho. Vichaka visizidi kiuno, matawi ya miti yaanzie juu ya kichwa cha mtu mrefu. Na milango iwe zaidi ya mmoja, ili anayeona asichokipenda mbele yake apate pa kutokea.

Uwanja wetu wa michezo ni mzuri, lakini wasichana hawaji. Tuwatengee siku yao?

Kabla ya siku, tazameni mlango. Jiji la Vienna, Austria, lilikutana na jambo hilihili miaka ya 1990: wasichana wakishavuka umri wa miaka tisa hivi walikuwa wakipotea bustanini, wavulana wakibaki. Hakuna aliyewafukuza. Viwanja vilikuwa vimezungushiwa uzio mrefu wenye kilango kimoja chembamba, na wavulana wachache wakisimama hapo, basi, uwanja wote umekuwa wao. Msichana wa miaka kumi hataki kupenya katikati ya mabega ya kaka za watu ili akacheze.

Mwaka 1999 jiji likabadilisha bustani mbili kwa majaribio, Einsiedlerpark na St. Johann. Viingilio vikaongezwa na kupanuliwa, eneo kubwa likagawanywa kuwa madogo ili kundi moja lisimeze kila kitu, na michezo mingine zaidi ya soka ikapewa nafasi. Wasichana wakarudi. Kwenu ningeanza kwa kufungua uzio pande mbili zaidi, na kuweka mahali pa kukaa kwa kutazamana, kwa sababu wengi huja kwanza kupiga soga. Mpira hufuata baadaye. Halafu waulizeni wenyewe. Ajabu ni kwamba swali hili mara nyingi hujibiwa na kamati ya wanaume watupu.

Kamera zinatosha?

Hazitoshi. Kamera hukumbuka, haikuitikii ukipiga kelele. Tafiti zinaonyesha zimesaidia zaidi kwenye maegesho ya magari.

Vijana wanajazana kwenye benchi la bustani hadi usiku. Mimi ni mzee, nimeomba ling'olewe. Nimekosea?

Shikamoo, mzee wangu. Naona umekosea kidogo. Benchi likiondoka vijana watasimama palepale, atakayekosa pa kukaa ni wewe. Bustani ya Bryant huko New York iliwahi kuwa soko la dawa za kulevya. Ilikuwa imeinuliwa juu ya barabara na kufichwa na ua wa miti, mpita njia haoni ndani. Ilipofunguliwa upya mwaka 1992, ua ulikuwa umeondolewa, viingilio vimepanuliwa, na viti vyepesi visivyofungwa vimewekwa, kila mtu anahamisha chake anapotaka. Ikajaa watu wa kila aina, wauza dawa wakakosa pa kujificha.

Benchi lenu, kwa maelezo yako, lipo nyuma ya choo na limeupa mgongo mlango. Omba lihamishiwe kando ya njia, liongezwe la pili likiangaliana nalo, kisha jioni katangulie kukaa wewe na wenzako.