Baba anapaliwa na chai tangu afanyiwe operesheni ya koo

SWALI: Shikamoo dokta. Baba alikatwa sehemu ya juu ya kisanduku cha sauti sababu ya kansa ya koo, akamalizia na mionzi Ocean Road. Sasa hivi ugali laini na mlenda unapita, ila chai na maji anapaliwa mpaka machozi yanamtoka. Ndugu wanasema apewe maji ya kusukumia chakula, na yeye mwenyewe kashakata tamaa, anataka abaki na mpira wa puani tu asimeze kitu. Tufanyeje? – Binti wa Mzee, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Hiyo ya kusukumia na maji naomba muiache leo leo. Sehemu aliyokatwa mzee ndiyo yenye kale kamfuniko kanakoziba njia ya hewa tukimeza, sasa kamfuniko hakapo, na maji yanakimbia mno, yanafika kabla koo halijajifunga, yanaingia kwenye mapafu. Watu wanadhani maji ndo kitu rahisi kumeza kumbe kwa mgonjwa kama huyu ndo kigumu kuliko vyote. Kwa sasa maji yapite kwenye mpira.

Ila kuacha kumeza kabisa hapana, hapa nakazia. Mionzi inakakamaza misuli ya koo, na misuli isiyotumika inazidi kulegea, akikaa miezi hamezi chochote kurudi inakuwa kazi kweli kweli. Mpira unamlisha tu, haumfundishi kumeza.

Muombeni daktari wa koo awaunganishe na mtaalamu wa tiba ya kuongea na kumeza. Wapo wachache hapa kwetu, mara nyingi kwenye hospitali kubwa, lakini ulizeni msichoke. Atamwangalia anavyomeza kwa eksirei au kwa kamera nyembamba inayopita puani, na hicho kipimo ni muhimu sababu wengine chakula kinaingia mapafuni na hawakohoi hata kidogo, unasikia tu sauti imekuwa na majimaji baada ya kula, au homa zinarudi rudi.

Kuna mbinu atafundishwa inayowafaa sana waliokatwa hapo juu: anavuta pumzi, anaibana, anameza akiwa bado kaibana, halafu anakohoa hapo hapo kabla hajavuta hewa, kisha anameza tena. Aanze na mate yake tu, na kama ana ugonjwa wa moyo au presha amwambie mtaalamu kwanza. Inachosha, atakasirika, mvumilieni.

Akila akae wima kabisa, kijiko kidogo, redio izimwe na asiongeleshwe, na asilale mpaka ipite kama nusu saa. Mdomo usafishwe asubuhi, usiku na kila baada ya kula hata kama anatumia mpira, maana mate yenye uchafu yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia.

Kwa msomaji ambaye mgonjwa wake katolewa kisanduku chote na anapumulia tundu la shingoni, haya siyo yenu, njia ya hewa na ya chakula zimeshatenganishwa, chakula kikikwama huenda koo limebana na hospitali wanaweza kulitanua.

Binti, mzee akipata homa, akabanwa kifua au akakohoa makohozi yenye chakula, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.