Dada anapigwa na tunazungushwa tu

SWALI: Anti, dada angu kapigwa na mumewe mpaka jicho limevimba halifunguki, kwenda hospitali wakataka PF3 (fomu ya polisi ya kumruhusu aliyeumizwa atibiwe), kituo cha polisi wakatuambia hayo ya ndoa kayamalizeni nyumbani. Tuanzie wapi? (Msomaji, Dar)

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na dada ako mwambie kosa sio lake. Kupiga mke sio "mambo ya ndoa", ni jinai. Rudini polisi ila msiishie kaunta, ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto, hao ndo wanachukua maelezo faragha na kuwapa PF3, na hiyo fomu ni bure kabisa, asiwadai mtu hela ya soda. Afadhali zaidi kama kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, pale hospitali ya Amana, Ilala, kipo hapohapo ndani, polisi, daktari na ustawi wa jamii wanakaa sehemu moja, yaani hasimulii kipigo chake mara tano kwa watu watano. Kama watoto nao wanaguswa pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bure. Nguo yenye damu msifue jamani, wekeni kwenye bahasha ya karatasi muende nayo.