"Probably" si "labda": kwa mnaoanza kutafsiri

Mnaoingia katika kazi ya kutafsiri kutoka Kiingereza, lichungeni sana neno "probably". Katika rasimu ninazohariri, wengi huligeuza "labda" bila hata kusita, na maana hupotea hapo hapo.

Anayesema "labda atakuja" hajaegemea upande wowote. Hiyo ndiyo kazi ya "maybe" na "perhaps". Anayesema "She will probably come" ameshaegemea: anaona kuja kwake kuna nguvu kuliko kutokuja, ila hawezi kuapa. Kiswahili kina "yaelekea atakuja", na kwenye maandishi rasmi "kuna uwezekano mkubwa kwamba atakuja". Mimi hupenda "yaelekea", kwa sababu ni fupi na haliilemei sentensi.

Msidhani huu ni urembo wa lugha. Daktari akiandika kwamba uvimbe "is probably harmless", halafu mgonjwa asome "labda hauna madhara", atakesha na hofu ambayo daktari hakumpa.

Hata wenye Kiingereza chao hupishana. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba upo uwezekano mzito wa Yugoslavia kushambuliwa. Sherman Kent wa CIA alipowauliza wenzake walimaanisha kiasi gani, majibu yalitawanyika kuanzia asilimia 20 hadi 80, ilhali wote walikuwa wameikubali sentensi ile ile. Katika makala yake ya mwaka 1964 alipendekeza "probable" isimame kwenye asilimia 75 hivi, pungufu au zaidi kwa 12. Si sheria kwa kila mwandishi, lakini ni kipimo kizuri cha kuwa nacho kichwani.

Mkiandika Kiingereza wenyewe, liwekeni baada ya kitenzi kisaidizi: "will probably come". Kwenye ukanushi hutangulia: "probably won't come". "Won't probably" hukwaruza sikio.

Kuna mahali pamoja ambapo hesabu hii haifai kabisa. "You should probably call them" haizungumzii uwezekano. Msemaji anapunguza makali ya ushauri. Ukiandika "yaelekea unapaswa kuwapigia", msomaji atashangaa. Andika "nadhani ni vyema uwapigie simu".